Afande Akiitaka Simu Yako

Polisi kushika simu yako ni jambo moja. Kuifungua na kuisoma ni jambo jingine kabisa. Watu wengi hutoa PIN zao kwa kudhani kwamba simu ikishafika mkononi mwa afande, kila kilichomo ndani ni chake. Sivyo.

Jambo la pili: kazi kubwa hufanywa kabla ya siku hiyo. Ukisimamishwa usiku, tochi imekumulika usoni, huo si wakati wa kuanza kutafuta mipangilio ya simu. Simu iwe imefungwa vizuri tangu nyumbani, na wewe uwe unayajua maneno utakayosema. Hayo ndiyo nitakayokupa hapa. Nitazungumzia Kenya zaidi, na kidogo kuhusu safari za nje.

Na usiniambie huna cha kuficha. Simu yako ina picha za mtoto wa dada yako, majibu ya mama kutoka hospitali, hesabu za chama, na maneno aliyokuandikia rafiki akiwa na uchungu. Hao wote hawajaulizwa.

Sheria kwa ufupi

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakupa haki ya faragha. Inataja mambo manne: usipekuliwe wewe, nyumba yako wala mali yako, vitu vyako visichukuliwe, habari za familia yako na mambo yako binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Simu yako inagusa yote manne kwa mpigo.

Haki hiyo ina mipaka. Ibara ya 24 inaruhusu sheria iipunguze kwa sababu ya maana. Kwa hiyo polisi ana njia yake: anakwenda mahakamani, anaeleza kwa kiapo anachokitafuta, na hakimu akiridhika anatoa kibali. Kwa upekuzi wa kawaida hutumika kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Kwa data iliyohifadhiwa kwenye kompyuta au simu, kipo kifungu cha 48 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018.

Zipo pia hali za dharura. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inampa afisa nafasi ya kupekua mahali bila kibali pale ambapo kuchelewa kungeharibu uchunguzi. Mlango huo ni mwembamba, lakini utasikia ukitajwa sana. Usibishane juu yake barabarani. Huo ni ubishi wa wakili wako mbele ya hakimu.

Ukishakamatwa, afisa anaweza kukupekua na kuweka vitu ulivyo navyo mahali salama. Simu itaondoka. Iache iondoke. Shikilia msimamo wako kuhusu kilichomo ndani. Marekani swali hili liliulizwa waziwazi katika kesi ya Riley dhidi ya California mwaka 2014, na majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu wakakubaliana: kumkamata mtu hakumpi polisi ruhusa ya kuisoma simu yake, akachukue kibali kwanza. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ila ni hoja ambayo wakili anaweza kuitumia.

Ibara ya 49 ndiyo ya kushika kwa moyo. Uelezwe kwa nini umekamatwa, kwa lugha unayoielewa. Unaweza kunyamaza. Unaweza kuwasiliana na wakili na mtu mwingine unayemhitaji akusaidie. Usilazimishwe kukiri jambo litakalotumiwa dhidi yako. Na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku inayofuata ya mahakama kama muda huo umeishia wikendi au baada ya saa za kazi.

Sheria imetosha. Twende kwenye simu.

Leo usiku, kabla hujalala

Badilisha PIN iwe na tarakimu sita au zaidi. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000 tu. Sita zina 1,000,000. Ukiweza, weka nenosiri lenye herufi na namba pamoja. Utazoea kuliandika ndani ya wiki.

Usitumie tarehe ya kuzaliwa. Fikiria kidogo: afande ameshika kitambulisho chako, na tarehe hiyo imeandikwa hapo. Wala usitumie PIN ya M-Pesa. Ukilazimika kutoa moja, usiwe umetoa zote mbili.

Achana na ule mchoro wa kuunganisha nukta. Kidole huacha alama ya mafuta kwenye kioo, na mtu akiielekeza simu kwenye mwanga anaiona njia uliyopita. Pia ni rahisi kuukariri kwa kuangalia juu ya bega lako mara moja tu.

Kidole na uso ni vya starehe, si vya ulinzi. Kidole chako kinaweza kushikwa kikawekwa kwenye simu. Simu inaweza kuinuliwa mbele ya uso wako. PIN iko kichwani, na kichwani hakuna mkono unaofika. Sikuambii uache kidole kabisa, maana maisha ni marefu na simu inafunguliwa mara nyingi kwa siku. Jua tu namna ya kukizima haraka.

Kwenye iPhone ya kisasa, bonyeza kitufe cha pembeni pamoja na kimoja cha vitufe vya sauti, ushikilie kama sekunde mbili, mpaka ukurasa wa kuzima simu utokee. Achia hapo hapo. Ukiendelea kushikilia, inaweza kupiga simu ya dharura. Kuanzia wakati huo uso na kidole havifanyi kazi mpaka PIN iandikwe. Jaribu sasa, simu ikiwa mfukoni, bila kuangalia.

Kwenye Android, shikilia kitufe cha kuzima na utafute neno Lockdown. Liko tangu toleo la 9 la mwaka 2018, ingawa kwenye simu nyingi za Samsung ni lazima uliwashe kwanza katika mipangilio ya skrini ya kufunga. Kama simu yako haina, njia yako ni kuizima.

Na kwa kweli kuzima ndiko bora kuliko yote. Simu iliyowashwa upya na ambayo PIN yake haijaandikwa hata mara moja ni ngumu zaidi kuingilika kuliko ile uliyoifungua asubuhi kisha ukaizima skrini tu. Vipo vifaa vya kuvunja simu, Cellebrite na GrayKey ndivyo vinavyojulikana zaidi, na vyombo vya usalama vya nchi nyingi huvinunua. Navyo hupata taabu zaidi na simu iliyozimwa. Apple na Google wameliona hilo: iPhone yenye iOS 18.1 au toleo la baadaye hujiwasha upya ikikaa siku tatu bila kufunguliwa, na Google ilileta kitu kama hicho kwenye Android mwaka 2025. Wewe usingoje siku tatu. Unakwenda kwenye maandamano? Umeona kizuizi mbele? Izime.

Pakua masasisho. Najua yanakula bando. Tafuta Wi-Fi ya kazini au ya rafiki, yaache yashuke. Vifaa vya kuvunja simu huishi kwa kutumia nyufa, na masasisho ndiyo yanayoziba nyufa hizo.

Kagua kadi ya kumbukumbu. Watu huisahau hii kabisa. Simu za Android zilizotoka na toleo la 10 au la baadaye hufumba data yake zenyewe, iwe Tecno, Infinix au Samsung. Lakini ile kadi ndogo uliyoichomeka pembeni kwa kawaida haifumbwi. Mtu akiichomoa na kuitia kwenye laptopu, anaziona picha zote bila kuulizwa PIN. Hamisha vitu vyako muhimu viingie kwenye simu yenyewe, kadi ibaki na nyimbo.

Weka PIN kwenye laini pia. Bila hiyo, laini yako ikitiwa kwenye simu nyingine itapokea namba za siri zinazotumwa kwa SMS, na kwa hizo mtu anaingia WhatsApp yako na barua pepe yako. Utaipata sehemu ya usalama katika mipangilio. Kuwa mwangalifu: ukikosea mara tatu laini hujifunga, na utahitaji namba ya PUK kutoka kwa kampuni yako ya simu.

Ficha maandishi ya arifa. Simu iliyofungwa vizuri lakini inayoonyesha ujumbe mzima juu ya kioo inajisema yenyewe. Ruhusu ionyeshe kwamba kuna ujumbe, isionyeshe ni wa nani wala unasema nini. Kwenye Android, angalia pia kama ile huduma ya kuiacha simu wazi ukiwa nyumbani au ikiwa mwilini mwako imewashwa. Izime.

Halafu WhatsApp, maana huko ndiko maisha yetu yalikohamia. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ule wa PIN ya tarakimu sita. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na ondoa kompyuta ya cyber uliyoisahau. Ingia kwenye nakala za akiba na uwashe ufumbaji wake. Usipofanya hivyo, gumzo ulizozilinda kwenye simu zinaweza kusomwa kutoka kwenye akaunti yako ya Google au iCloud. Tena weka ujumbe unaojifuta wenyewe, wa saa 24, siku 7 au siku 90, kwenye gumzo zisizo na haja ya kuhifadhiwa. Kinachojifuta kila wiki kwa mazoea hakina maswali. Kinachofutwa dakika tano baada ya polisi kubisha hodi kina maswali mengi.

Wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, nao? Simu hizo hazifumbi chochote. SMS, namba za watu, meseji za M-Pesa, vyote viko wazi kwa anayeishika. Hapo dawa ni kupunguza: futa meseji za zamani kila mwisho wa wiki. Ila usijidanganye kwamba kufuta M-Pesa kwenye simu kunafuta rekodi. Safaricom inayo. Hata orodha ya watu uliowapigia iko kwa kampuni ya simu, na polisi anaweza kuiomba kwa amri ya mahakama bila kukugusa wewe.

Mwisho wa usiku huu: kariri namba mbili. Ya wakili, au ya shirika la msaada wa kisheria, na ya mtu wa nyumbani anayeshika simu hata saa tisa za usiku. Ziandike pia kwenye karatasi, uiweke nyuma ya kitambulisho. Utaona baadaye kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Ukisimamishwa

Mikono ionekane. Sauti iwe ya chini. Msalimie. Mwite afande. Heshima haikupunguzii haki hata moja, na inaweza kukufikisha nyumbani.

Akiomba simu, uliza kwa upole: "Afande, nimekamatwa?" Jibu lake linakuonyesha mlipo. Kama hukukamatwa, uliza kama unaweza kwenda. Kama umekamatwa, uliza kwa kosa gani, kisha anza kunyamaza.

Akikuambia uifungue, sema hivi: "Afande, simu ni hii, sitashindana na wewe. Lakini sikubali ipekuliwe bila kibali cha mahakama." Basi. Usiongeze maelezo. Usitaje ibara saba na kesi ya Marekani. Mtu anayehutubia barabarani huonekana anatafuta ugomvi, na maneno mengi hutoa habari nyingi.

Hilo neno "sikubali" lina kazi. Ukimkabidhi afande simu iliyofunguliwa bila kusema lolote, baadaye itasemwa kwamba uliridhia mwenyewe. Ukisema sikubali, na ikiwezekana mtu mwingine akasikia, wakili wako ana pa kuanzia. Ibara ya 50(4) inataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki uondolewe, kama kuupokea kungeifanya kesi isiwe ya haki au kungeharibu utoaji wa haki.

Usidanganye. "Nimesahau PIN," wakati umeifungua simu mbele yake nusu saa iliyopita, ni uongo utakaokurudia. Kukataa ni haki. Kudanganya ni kujichimbia. Wala usikimbie, usiitupe simu mtaroni, usianze kufuta vitu mbele yake. Sheria ile ya 2018 ya uhalifu wa mtandao ina adhabu kwa anayezuia upekuzi halali au kuharibu data: faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo ina adhabu kama hiyo kwa afisa anayeyatumia vibaya mamlaka yake, jambo ambalo ni vizuri kulijua hata kama hutalisema.

Kuna ujanja unaowapata vijana sana: "Hii simu ni ya wizi. Ifungue tuhakikishe ni yako." Jibu la swali hilo haliko ndani ya simu. Liko kwenye risiti na kwenye namba ya IMEI. Leo piga *#06#, uiandike IMEI hiyo kwenye karatasi ile ile ya namba za wakili. Risiti ipige picha, umtumie ndugu yako. Hapo unaweza kusema, "Afande, IMEI ni hii, risiti iko nyumbani, nitaletewa." Humpi sababu ya kuzunguka kwenye picha zako.

Ujanja mwingine: "Onyesha tu M-Pesa." Ukishafungua M-Pesa umefungua simu. Jibu ni lile lile.

Kariri jina au namba ya afisa. Mwenye sare anatakiwa awe na kibao cha jina au namba ya kazi panapoonekana. Kama hana, kariri namba ya gari, mahali, saa. Usimtolee simu kumpiga picha kama unaona amekasirika. Kumbukumbu yako itatosha, uiandike mara tu ukipata kalamu.

Sasa tuseme ukweli. Yuko afande atakayekusikiliza, na yuko atakayekupiga kofi kabla hujamaliza sentensi. Ukiona maisha yako au mwili wako uko hatarini, toa PIN. Hakuna gumzo lenye thamani ya mbavu zako. Sema mara moja, "Naifungua kwa sababu unanilazimisha," kisha unyamaze. Ukitoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, upate karatasi za matibabu, na uombe fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha. Kulazimishwa si kukubali, na karatasi hizo ndizo zitakazokusemea.

Kituoni

Hakikisha kukamatwa kwako kumeandikwa kwenye kitabu cha matukio, OB. Simu yako nayo iandikwe pamoja na vitu vyako vingine: aina yake, rangi, IMEI, laini zilizomo, na kama ilikuwa imezimwa. Soma kabla ya kuweka sahihi. Ukiona wameandika "simu moja nyeusi" tu, omba waongeze. Simu nyeusi ziko nyingi.

Sasa ile karatasi ya namba. Afande atakuja, tena kwa upole kabisa: "Si unataka kumpigia mtu? Chukua simu yako, fungua, umpigie." Umechoka, una njaa, unaandika PIN, na simu inarudi mkononi mwake ikiwa wazi. Au haichukui, anaangalia vidole vyako tu. Ukiwa na namba kichwani, jibu lako ni rahisi: "Asante afande, naomba nitumie simu ya kituo, namba ninayo." Haki yako ni kuwasiliana. Haikulazimu kutumia simu yako.

Kwa sababu hiyo hiyo usiwaambie wenzako wa seli PIN yako, wala hadithi ya kesi yako. Si kila aliyelala sakafuni na wewe amekamatwa.

Akija mpelelezi na maswali, taja jina lako na habari za utambulisho, kisha sema utazungumza wakili akiwepo. Unamwandikia nani WhatsApp, kwa nini uko kwenye kundi fulani, picha ile ilitoka wapi: yote hayo yasubiri wakili. Huna fedha za wakili? Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na Chama cha Wanasheria cha Kenya, LSK, huwa na mawakili wanaojitolea hasa wakati wa kamatakamata kubwa. Mtu wako wa nyumbani ndiye wa kuwatafuta, kwa hiyo mwambie leo, usimwambie siku hiyo.

Wakija na kibali

Omba ukisome. Usinyang'anye, omba. Tazama vitu hivi: jina la mahakama, sahihi na muhuri, tarehe, jina la mtu au mahali, na hasa ni kitu gani kimeruhusiwa kutafutwa. Kibali cha kutafuta bunduki chumbani si kibali cha kusoma barua pepe zako. Na kwa kawaida kibali hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Wakija saa nane usiku, tafuta sentensi hiyo.

Kikiwa sawa, usizuie mlango. Sema unaheshimu amri ya mahakama, na unampigia wakili. Kama kibali kinataja PIN au kinakuamuru usaidie kufungua, usiamue peke yako ukiwa umesimama mlangoni na taulo. Swali la kama mtu anaweza kuamriwa kutoa kilicho kichwani mwake ni la mawakili, nalo linagusa haki yako ya kutojitia hatiani. Muulize wako.

Wakichukua vifaa, omba orodha. Sheria ya 2018 inamtaka anayechukua kompyuta au data aandike alichokichukua, tarehe na saa, na akupe nakala. Usiwaache waondoke bila hiyo.

Ukisafiri

Usiibebe sheria ya Nairobi kwenye begi. Uwanja wa ndege una sheria zake.

Kuingia Marekani, maafisa wa mpakani hupekua simu bila kibali cha mahakama. Raia wa Marekani akikataa kutoa PIN hawezi kuzuiwa kuingia kwao, ingawa simu inaweza kubaki. Wewe mwenye viza ya kutembea unaweza kurudishwa na ndege inayofuata. Uingereza nako, chini ya Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya 2000, mtu anaweza kuzuiliwa bandarini au uwanja wa ndege hadi saa sita na kuulizwa maswali, na kukataa kutoa PIN kumewapeleka watu mahakamani.

Kwa hiyo safiri na vitu vichache. Hamisha gumzo na picha kabla, au beba simu ya akiba. Izime kabla ndege haijagusa ardhi.

Simu ikirudi

Hapa ndipo watu huharibu. Simu imerudi baada ya wiki sita, una furaha, unaandika PIN palepale mlangoni pa kituo. Usifanye hivyo.

Mwezi Mei 2025 watengenezaji filamu walikamatwa Nairobi, na vifaa vyao vikachukuliwa. Viliporudi na kuchunguzwa na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, baadhi ya simu zilikutwa na FlexiSPY, programu ya upelelezi inayouzwa mtandaoni, iliyowekwa wakati vifaa vilipokuwa mikononi mwa polisi. Programu ya aina hiyo husikiliza simu zako, husoma meseji zako na kufuatilia unapokwenda.

Basi ichukulie simu iliyorudi kuwa imeguswa. Iache imezimwa. Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, maana hiyo ndiyo inayofungua mengine. Kisha Google au iCloud, kisha mitandao ya kijamii. Ondoa vifaa usivyovitambua. Nenda duka la kampuni yako ya simu ubadilishiwe laini, na ubadilishe PIN ya M-Pesa.

Kama wewe ni mwandishi wa habari, mwanaharakati, wakili, au una kesi inayoendelea, usiifute simu hiyo. Ipeleke kwanza kwa wataalamu wa uchunguzi wa vifaa, kupitia wakili wako au shirika la haki za binadamu. Ukiifuta, umefuta pia ushahidi wa walichokufanyia. Kama huna kesi na unataka tu kuendelea na maisha, irudishe kwenye hali ya kiwandani, na ukiweza uipatie mtu wa vipuri ununue nyingine.

Waambie watu waliokuandikia. Ni aibu kidogo, lakini wana haki ya kujua kwamba gumzo lao huenda limesomwa. Ujumbe mmoja unatosha: simu yangu ilikuwa kwa polisi kuanzia tarehe fulani mpaka fulani, msijibu chochote kilichotoka kwangu siku hizo.

Wasipoirudisha, mwandikie mkuu wa kituo, OCS, barua ukitaja namba ya OB, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipojibu, wakili anaweza kuomba mahakama iamuru irudishwe. Vitu vilivyochukuliwa havikusudiwi kukaa kituoni bila mwisho wala kesi.

Kwa malalamiko juu ya afisa mwenyewe, nenda IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Makao yake yako Nairobi, na ina ofisi Mombasa na Kisumu miongoni mwa miji mingine. Kama habari zako zimesambazwa, mfano picha zako za ndani zimevuja kutoka kwenye simu iliyokuwa kituoni, peleka pia lalamiko kwa Kamishna wa Data, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na kwa kuvunjwa kwa haki ya Ibara ya 31, Mahakama Kuu iko wazi kwako chini ya Ibara ya 22.

Kila ofisi itakuuliza mambo yale yale: tarehe, saa, mahali, jina au namba ya afisa, namba ya OB, mashahidi, karatasi za hospitali. Yaandike yote siku ya kwanza, kwenye daftari, si kwenye ile simu. Peleka nakala, na asili zibaki kwako.